Barua ya Tatu

Mheshimiwa, hii ni barua ya tatu.
Ya kwanza nilimpa karani wako Juni, akaniandikia risiti
kana kwamba nimenunua kitu.
Ya pili iligongwa muhuri wa tarehe, basi.
Hii naiandika juu ya daftari la mauzo,
kati ya lori la mwisho na zamu ya usiku.

Jina langu Syombua Kithome. Nina pampu nne za petroli
hapa Donholm, na bastola moja yenye cheti.
Serikali inanijua kuliko mama yangu:
alama za vidole kumi, mkojo, barua ya daktari wa akili,
afisa aliyekuja kukagua sefu, akakubali chai,
akauliza kama naota ndoto mbaya.
Nilisema hapana. Nilidanganya hapo tu.

Namwota Ekiru.
Ekiru alikuwa na rungu, filimbi, na koti langu la zamani.
Walikuja wanne. Filimbi ililia mara moja.
Nao mswada wako unasema: jioni silaha zote
zirudishwe kituoni, zichukuliwe asubuhi.
Mheshimiwa, mwizi hafungi duka saa kumi na mbili.

Nilipanga kuishia hapo.

Lakini Jumanne nilipoileta, kwenye benchi la ofisi yako
alikuwapo mwanamke mwenye bahasha kama yangu,
ya kaki, imebandikwa gundi mara mbili.
Akanisogezea nafasi. "Nawe umefuata basari?"
"La, ni ule mswada wa bunduki."
"Basi tumeletwa na kitu kimoja," akasema,
akatoa picha ya kijana mwenye mwanya.
Gekonge, miaka ishirini na mbili, mhudumu wa baa.
Mteja alikuwa na cheti. Halali kabisa. Kama changu.
Waligombania bili ya mia nane.

Sikujua mikono niiweke wapi.
Kiuno kilikuwa kizito upande wa kulia,
nikakigeuzia ukuta kama msichana anayeficha mimba.
Aliona. Hakusogea.
"Iko na risasi?"
"Iko."
"Hata ya yule ilikuwa nazo."

Karani akatuita pamoja, kuokoa muda,
na kabla ya salamu: "Kura mnapigia wapi?"
Yeye: shule ya msingi, hapa hapa, mkondo wa tatu.
Mimi: Mwingi, kwetu, nilikojiandikisha nikiwa msichana.
Kalamu ikasimama. Barua yake ikaenda trei ya juu,
yangu ya chini, pamoja na za wapita njia.
Miaka kumi na tisa nalipia leseni mtaa huu,
kumbe nilikuwa mgeni.

Wiki iliyofuata nilihamisha kura. Binti wa tume
alinishika kidole kimoja kimoja juu ya kioo.
Cha shahada kilikataa kusomeka.
"Kimechakaa, mama. Unafanya kazi gani?"
Nikasema, nahesabu pesa. Ni kweli pia.

Sasa tuelewane, Mheshimiwa.
Kuhusu mswada sijabadili neno. Usiku ni ule ule,
na kaburi la Ekiru bado halina jiwe.
Ila naongeza mstari ambao Juni sikuwa nao:
mwulize Bochaberi wa trei ya juu
nani asipewe cheti, na nani apokonywe akishalewa.
Andika hilo liwe sheria, nitakuwa wa kwanza kulitii.

Agosti nitaiacha sefuni,
nitoke na kitambulisho na kiuno chepesi.
Nimeshamwuliza anapanga foleni saa ngapi.
Saa kumi na moja alfajiri, na kiti chake cha plastiki.
Kidole cha mwisho ndicho wanachokipaka wino,
kile kisicho na kazi kwenye bastola,
kile kinachojiinua chenyewe nikishika kikombe.
Tutakuwa wawili, na hatukubaliani.
Utatuhesabu.